Mtoto wa Mwaka wa Korongo

Sogeeni karibu. Anayenyonyesha anyonyeshe, anayechambua mchele achambue. Mikono iwe na kazi yake, lakini masikio yawe kwangu, maana hadithi hii sikupewa mwisho wake, na mwisho nitauomba kwenu.

Hapo zamani, si zamani ya majitu na mazimwi, ila zamani ile ambayo sabuni ya kipande ilikuwa tayari inauzwa madukani, palikuwa na mji uitwao Ilundo. Mji huo ulikuwa kando ya kinamasi kikubwa. Kinamasi kilijaa mafunjo marefu kuliko mtu, na ndani ya mafunjo waliishi vyura, kambare, na korongo wenye shungi la dhahabu kichwani.

Watu wa Ilundo walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa wakati korongo wana makinda, hakupewa jina la babu wala la bibi. Alipewa jina la mtu aliyekitendea wema kinamasi. Mtu huyo na mtoto waliitana somo. Mtoto alimchotea somo wake maji, alimpelekea uji akiugua, na siku somo alipofariki, jina lake lilibaki duniani likikimbia uani na kuitwa kuja kula. Aliyelitaja jina alikuwa mama peke yake. Alilitaja siku kitovu cha mtoto kilipodondoka, akiwa amekaa kizingitini, na alilitaja mara moja tu. Likishatoka halirudi.

Tena jina halikuchagua mwanamume wala mwanamke. Palikuwa na mwanamume mmoja pale Ilundo, mwenye ndevu mpaka kifuani, aliyeitwa kwa jina la mkunga.

Sasa, katika mji huo aliishi mwanamke kijana aliyeitwa Milembe. Milembe hakuwa msemaji. Akiulizwa jambo mbele ya watu, alitazama vidole vya miguu yake kana kwamba jibu limeandikwa huko. Alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni cha Bwana Mayunga.

Bwana Mayunga alikuwa mtu mwema. Aliwapa watu wake uji wa saa nne, na mwanamke aliyejifungua hakupoteza kazi yake. Sabuni yake ilitengenezwa kwa mafuta ya mbegu za pamba, na kila kipande kilifungwa kwa nailoni nyeupe iliyoandikwa kwa herufi nyekundu: MAYUNGA. Alilipenda jina lake lilivyokaa pale.

Bwana Mayunga alipenda pia usafi. Kila Jumamosi alipita kila idara akiwa amevaa soksi bila viatu, halafu akazitazama soksi. Idara iliyomwacha na soksi nyeupe ilipewa kibendera cha usafi, kikatundikwa mlangoni wiki nzima.

Milembe alikuwa idara ya kufungasha. Mashine ya pale ilikata nailoni kutoka kwenye roli kubwa, na kila ilipokata, vipande vya kando vilianguka chini. Vyembamba, vyepesi, vyenye jina lile lile jekundu, vingi kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Kuvikusanya kwenye magunia na kuvibeba mpaka shimo la taka nyuma ya kiwanda ilikuwa kazi ya saa nzima. Lakini chini ya ukuta palikuwa na tundu. Tundu lilitokea kwenye mfereji aliouchimba fundi wa kiwanda, Lubango, ili maji ya kuoshea sakafu yapate njia. Mfereji uliteremka mpaka kinamasini.

Basi kila jioni walifanya hivi: walifagia, walisukuma, walitumbukiza. Ndoo mbili za maji nyuma yake, na sakafu iling'aa.

"We Milembe," msimamizi wao, Mama Kabula, alikuwa akimwambia, "kipande kile hukioni? Unataka bendera iende kwa wapika sabuni, watu wasioosha hata vikombe vyao vya uji?"

Milembe aliinama, akafagia, akasukuma, akatumbukiza. Na bendera ikabaki kwao.

Mwaka wa kwanza, bendera ikabaki kwao. Kinamasini vyura wakapungua.

Mwaka wa pili, bendera ikabaki kwao. Kambare wakaanza kuelea matumbo juu.

Mwaka wa tatu, bendera ikabaki kwao. Korongo wakaja, wakazunguka angani mara mbili, wakaona chini kunametameta pasipo na maji, wakaenda zao. Hawakutaga. Na mwaka ule hakuna mtoto wa Ilundo aliyepewa somo.

Ikapita miaka sita hivyo. Watu walianza kusahau desturi. Mfereji ule nao ukapata jina. Mtu akikanyaga matope yenye harufu, alisema, "Nimeingia kwenye Lubango." Watoto waliambiana, "Usicheze Lubango, utawashwa." Fundi Lubango alikuwa mcheshi, alicheka pamoja nao. Lakini alipita njia ya mbali ili asiusikie mfereji ukiitwa kwa jina lake.

Ng'ambo ya kinamasi aliishi bibi mmoja, Nyamizi, msusi wa mikeka. Mume wake alifariki zamani na mtoto hakujaliwa. Kila asubuhi aliingia majini mpaka magotini kukata mafunjo. Na asubuhi moja alifika langoni mwa kiwanda na kikapu kichwani.

Mlinzi akamwuliza, "Bibi, unauza nini?"

"Siuzi. Nimewarudishia mali yenu."

"Mali gani?"

"Isome mwenyewe, ina jina la mwenye mali."

Alikuwa amejaza vipande vya nailoni, amevifua, amevikausha, amevipanga vizuri kama nguo za mtoto. Mlinzi akacheka, akamfukuza.

Siku ya pili akaja tena na kikapu. "Nimewarudishia mali yenu." Mlinzi akacheka kidogo, akamfukuza.

Siku ya tatu akaja bila kikapu. Mikononi alikuwa amembeba korongo, wa mwisho aliyekuwa amebaki peke yake pale kinamasini. Shungi lake lilikuwa limelala. Mlinzi hakucheka. Alifungua lango.

Ilikuwa saa ya uji, na wafanyakazi walikuwa uani. Bibi Nyamizi aliwatazama wote, akamwendea Milembe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, au labda kwa kuwa ndiye aliyeweka kikombe chake chini.

"Mwanangu, nipokee. Mikono yangu imechoka."

Milembe akamweka korongo kwenye aproni yake. Alishangaa alivyokuwa mwepesi, ndege mrefu namna ile, mwepesi kuliko kanga iliyokauka. Korongo alifumbua jicho moja, akalifumba, na hakulifumbua tena.

Bwana Mayunga alitoka ofisini kuona kwa nini watu wamenyamaza. Fundi Lubango akaufungua mdomo wa ndege, akavuta. Kikatoka kipande cha nailoni, kirefu, kimelowa. Bwana Mayunga akakinyoosha kwa vidole viwili. Akasoma jina lake.

 Kisha akasema, taratibu, "Bibi, pole. Lakini sabuni yangu inauzwa mikoani. Mtu akinunua, akatupa ganda njiani, mimi nitamfuata?"

"Bwana Mayunga," akajibu Bibi Nyamizi, "ganda lililofunga sabuni lina mikunjo minne na lina harufu. Yale niliyoyaleta kwa vikapu hayakuwa na mkunjo hata mmoja. Yale hayajawahi kuiona sabuni. Yametoka kwako yakiwa mapya."

Bwana Mayunga akageuka. "Nani anatupa nailoni kinamasini?"

Mama Kabula akatazama kibendera mlangoni kwake. Wote wa idara ya kufungasha wakatazama chini.

Milembe naye akatazama vidole vyake vya miguu. Lakini siku hiyo hakuviona, kwa sababu korongo alikuwa katikati, miguu yake mirefu imening'inia kwenye aproni. Akainua uso.

"Ni sisi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uani palikuwa kimya. "Tunafagia, tunasukuma, tunatumbukiza. Kila siku. Ili soksi zako ziwe nyeupe."

Nasema kweli, hata mashine ilisikika ikihema.

Bwana Mayunga hakumgombeza mtu. Aliingia idara ya kufungasha, akazima mashine ya nailoni kwa mkono wake, akang'oa kibendera, akakitia mfukoni. Kisha akawaambia, "Nendeni mkamzike ndege."

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Ndiyo kwanza yalianza.

Wanunuzi wa mijini walikuja na malori. Wakaona sabuni zimepangwa bila nailoni. "Hii nini? Sabuni uchi! Bwana Mayunga, hata maiti huvikwa sanda." Lori la kwanza likaondoka tupu. La pili likaondoka tupu. Mkewe akamwambia, "Baba, washa mashine, watu watakula nini?" Akasema, "Siwashi." Akauza nyumba yake ya baraza, ile iliyojengwa na baba yake, na yeye na mkewe wakahamia chumba cha ghala, wakilala kati ya magunia ya magadi. Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeachishwa kazi. Uji ulipungua sukari, lakini ulikuja saa nne.

Na kile kiwanja kando ya kinamasi, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya ghala jipya, alikiacha kiote mafunjo.

Fundi Lubango naye hakulala. Kwanza aliziba tundu la ukutani. Kisha akachimba mashimo matatu, moja la kokoto, moja la mchanga, moja la magugu, maji ya kiwanda yapite yote matatu kabla ya kuondoka. Halafu akaanza kutafuta vazi la sabuni.

Alijaribu majani ya mgomba. Yakaota ukungu, sabuni zikawa na ndevu. Watu wakacheka, na Lubango akacheka nao.

Alijaribu magazeti ya zamani. Wino ukahamia kwenye sabuni, na mwanamke mmoja akaitumia kufulia shati la mumewe, likatoka na habari za mpira mgongoni. Watu wakacheka, na Lubango akacheka nao.

Mara ya tatu akasema, "Kwani sabuni lazima ivae?" Akaunda chombo cha kugandamiza, kinachoipiga sabuni ikiwa bado laini, ikatoka na picha ya korongo kwenye mwili wake wenyewe. Vipande vinne vikafungwa pamoja kwa mshipi wa ganda la funjo. Siku ya kukijaribu chombo, chuma kiliteleza. Fundi Lubango alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alipotoka hospitalini, bandeji mkononi, aliuliza, "Picha ilitoka?" Ilikuwa imetoka. Siku hiyo watu hawakucheka.

Na Bibi Nyamizi? Mshipi wa funjo ulihitaji mafunjo, na mafunjo yangekatwa ovyo, korongo wangekosa pa kutagia hata kama wangerudi. Basi Bibi Nyamizi akawaongoza. "Kateni ukingoni, msikate katikati. Mkikata moja, acheni mawili. Likitoa maua, liacheni." Kisha akawaingiza wote majini kutoa nailoni, wake kwa waume, Bwana Mayunga suruali imekunjwa, Mama Kabula akilalamika tangu alfajiri.

"Nimepigania usafi miaka tisa, leo ndio nimechafuka hivi!"

"Ulichafua kwa ufagio, Mama Kabula," akamjibu Bibi Nyamizi, "leo safisha kwa mikono."

Wakaingia, wakainama, wakatoa. Mvua za kwanza, wakaingia, wakainama, wakatoa. Mvua za pili, wakaingia, wakainama, wakatoa. Nailoni iliyotoka ilijaza magunia yasiyohesabika. Lubango akaiyeyusha, akaimimina kwenye kalibu, zikatoka nguzo nyeusi nzito. Wakazisimika kuzunguka katikati ya kinamasi: kutoka hapa kwenda ndani, mtu asipite.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo, Bibi Nyamizi alipata kikohozi cha maji baridi, na hakikumwacha tena. Sabuni ya korongo ilianza kuulizwa madukani. Milembe aliolewa, akapata mimba.

Na asubuhi moja, vyura wakiwa wamepiga kelele juma zima, korongo wawili wakaja. Wakazunguka angani mara moja. Wakazunguka mara ya pili. Wakashuka.

Siku kinda la kwanza lilipopasua yai, ndiyo siku Milembe alipojifungua. Mtoto wa kike, nywele nyingi, zimesimama juu kama shungi.

Mji mzima ukakumbuka desturi. Siku ya sita, alfajiri, kitovu kikadondoka. Asubuhi ile ile watu wakajaa uani kwa Milembe, na Milembe akaketi kizingitini, mtoto kwenye kanga. Mumewe alisimama nyuma yake, na alikuwa amemwambia jambo moja tu: "Utakalosema, nitaliita."

Milembe alikuwa hajalala vizuri. Jina hili mtoto atakufa nalo, aliwaza. Na mwenye jina atakuja mlangoni kwangu maisha yangu yote akisema, hodi, nimekuja kumwona somo wangu. Na wasiochaguliwa nao watapita nje, watamsikia akiitwa.

Akaja Bwana Mayunga. Alikuja bila viatu, lakini sasa hakuwa na soksi. Akamwekea mtoto kipande cha sabuni miguuni.

"Mama," akasema, "mimi nilizima mashine. Wengine wote walifanya walichoweza baada ya mimi kuzima. Kama ningeiwasha tena siku lori la pili lilipoondoka tupu, fundi angegandamiza nini? Bibi angesafisha mpaka lini? Nyumba ya baba yangu haipo tena, wanangu wamehamia mbali kwa hasira. Jina langu lilikuwa kwenye koo la ndege yule. Nililisoma, na mpaka leo nalisoma nikifumba macho. Ningependa, kabla sijafa, nilisikie jina hilo likiitwa kwa upendo."

Watu wakaguna. Wakasema, anastahili.

Akaja Fundi Lubango. Akamletea mtoto kayamba alilolitengeneza kwa mkono wenye vidole vitatu.

"Dada Milembe," akasema, "Bwana Mayunga alizima, ni kweli. Lakini kuzima si kutengeneza. Kiwanda kilichozimwa tu kingekufa, na wewe ungezaa ukiwa huna kazi, na mwenye kiwanda mwingine angekuja na nailoni yake. Mimi nilifanya sabuni iweze kuishi bila nailoni. Sidai vidole, vidole ninavyo vinanitosha kujikuna." Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Lakini nyote mnajua kinachoitwa Lubango katika mji huu. Ni mfereji wa taka. Mke wangu anasikia, watoto wangu wanasikia. Nipeni kitu kingine kiitwe Lubango. Kitu kinachonukia maziwa."

Watu wakaguna. Wakasema, huyu naye anastahili.

Bibi Nyamizi hakuja. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na jiko la nje, anakohoa kwenye ncha ya kanga yake. Mama Kabula ndiye aliyemshika mkono, akamsogeza mbele.

"Njoo wewe, Bibi! Umekuja kutembea au umekuja kuitwa?" Akageukia watu. "Kama asingekuja na vikapu vyake, huyu angezima nini, na huyu angeunda nini? Tungekuwa bado tunafagia. Hana mtoto, hana mjukuu. Akifa, jina Nyamizi limekwenda. Mimi nimemaliza."

Bibi Nyamizi akaketi chini mbele ya mtoto. Hakuleta zawadi ila mkeka mdogo, wa kumlaza mchanga. Akautandika, akaulainisha kwa kiganja.

"Mama Kabula amesema vizuri, na mimi nalitaka jina hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu," akasema. "Lakini sitalipokea kwa kujificha. Nailoni ilipoanza kuja, sikuchukia. Nilifurahi. Ilikuwa na wekundu mzuri. Miaka yote ile niliiokota, nikaisukia kwenye mikeka, nikafungia mizigo yangu ya mafunjo. Mikeka ilipendwa sana, na mimi nikanyamaza, vyura wakiisha mbele ya macho yangu. Korongo yule nilimkuta miguu imenaswa kwenye ukanda wa nailoni, na ukanda una fundo. Fundo lile la msusi, la kuzungusha mara tatu. Nililijua. Nililifunga mimi. Nikalifungua kabla sijafika langoni, nyie mkaona nailoni ya kooni tu."



Bwana Mayunga akafumba macho. Fundi Lubango akatazama mkono wake. Akasema kwa sauti ya chini, "Aliyembeba mpaka langoni ni yeye, jamani. Angeweza kumwacha majini."

"Na aliyesema kweli siku ile?" Mama Kabula akauliza ghafla. "Aliyesema 'ni sisi'? Bibi alikuwa amefukuzwa mara mbili, Bwana alikuwa anajitetea, fundi alikuwa kimya, na mimi nilikuwa natazama bendera. Milembe, usitafute mbali. Mwite mtoto Milembe."

Milembe akatikisa kichwa. Akakumbuka ufagio. Akakumbuka alivyokuwa hodari wa kukiona kipande cha mwisho kilichojificha chini ya mashine.

Akamtazama Bwana Mayunga, ambaye jina lake lilikuwa kila mahali na hakuweza tena kulitazama. Akamtazama Fundi Lubango, ambaye jina lake lilikuwa matopeni. Akamtazama Bibi Nyamizi, ambaye jina lake halikuwa popote. Bibi alikuwa bado analainisha mkeka, ingawa mkeka ulikuwa umeshalainika zamani.

Kutoka kinamasini korongo akalia, na kinda likajibu kwa sauti ya kukwaruza, bado halijajua kulia vizuri.

Mtoto akapiga chafya. Milembe akamlaza kwenye mkeka, akamwekea kayamba mkono wa kulia, akaisogeza sabuni isimguse macho. Hakutazama vidole vyake vya miguu. Aliinua uso, na watu wote wakaegemea mbele, kwa sababu midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka.

Hadithi niliyopewa mimi imekoma kwenye midomo hiyo. Aliyenipa aliniambia, nenda nayo hivyo hivyo, ukawaulize.

Basi ninyi mlio mbele yangu, mmemsikia aliyezima, mmemsikia aliyeunda, mmemsikia aliyemleta ndege, na mmemwona aliyesema kweli. Kila mmoja alitia mkono katika kifo cha korongo yule, na kila mmoja aliutia katika kurudi kwa hawa wawili. Mtoto ni mmoja, na jina hutajwa mara moja.

Je, nani alistahili? Jibuni taratibu, jamani, kachanga kamelala.